Unene si ubora wa mfarishi

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie pamba inayotiwa ndani ya mifarishi ya vitenge na khanga, ile ya kujifunika inayoshonwa tabaka mbili za kitambaa na kujazwa katikati. Mteja hupita maduka ya Mtaa wa Uhuru akilinganisha rangi na maua hadi jua linazama, lakini akifika kwa fundi na kuulizwa kitakachowekwa ndani, hujibu kwa neno moja tu: nene.

Unene huo kwa sehemu kubwa ni hewa iliyonaswa kati ya nyuzi, na hewa hiyo ndiyo inayozuia joto la mwili lisipotee. Mfarishi mnene unamfaa mkazi wa Njombe au Makete, ambako baridi ya Juni na Julai inajulikana. Hapa Dar es Salaam, ambako hata katika miezi hiyo usiku huwa kwenye nyuzijoto 18 au 19, mtu atautupa miguuni kabla ya usiku wa manane, labda awe analala na kiyoyozi.

Aina ya nyuzi nayo ina umuhimu wake. Poliesta hunyonya unyevu usiofika asilimia 1 ya uzito wake, ilhali pamba halisi hubeba takriban asilimia 8 kutoka hewani bila kuonekana imelowa, na kwa jasho la mji wa pwani tofauti hiyo huhisiwa mgongoni. Siidharau poliesta: ni nyepesi, hairudi ikifuliwa na hukauka upesi, hivyo kwa mtoto anayekojoa kitandani ningeichagua bila kusita. Ubaya wake mwingine ni kwamba ile ya hali ya chini huchomoza vinyweleo vyeupe kwenye kitambaa, na juu ya kitenge cheusi aibu hiyo haifichiki.

Pamba halisi inadai fundi mvumilivu. Isiposhikizwa kwa mishono ya karibu, isiyoachana zaidi ya vidole vinne, hujikusanya mafungumafungu baada ya kufuliwa, wakati poliesta iliyogandishwa kwa joto huweza kustahimili nafasi ya karibu shubiri moja. Tena pamba hurudi kwa asilimia 3 hadi 5 katika ufuaji wa kwanza, yaani mfarishi wa mita 2 unaweza kupungua sentimita 6 hadi 10. Kitenge nacho hurudi, kwa hiyo kifuliwe kabla ya kukatwa, na vipimo viongezwe kidogo.

Wapo wanaopendekeza sufi, kwa kuwa wengi wetu tumelelewa juu ya mito yake. Sufi ni nyepesi na haipendi maji, lakini nyuzi zake ni telezi, hazishikani, na ndani ya mfarishi huhamia pembeni. Ibaki kwenye mito.

Tatizo kubwa ni kwamba dukani kila kitu cheupe na laini huitwa pamba. Mnunuzi mwenye shaka achukue kipande kidogo akichome nje, mbali na vitu vingine: pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini, na poliesta hujikunyata, huyeyuka na kuacha punje ngumu. Lakini katika nchi inayolima pamba Simiyu, Shinyanga na Mwanza, ni kichekesho mnunuzi kulazimika kutembea na kiberiti ili ajue anachouziwa.

Ninawaomba wauzaji waandike kwenye kila jora aina ya nyuzi na uzito wake kwa gramu katika kila mita ya mraba. Kwa mfarishi wa kujifunika hapa mjini ningetafuta pamba halisi ya karibu gramu 100. Ya gramu 200 na kuendelea ningemshonea ndugu aliyeko Njombe.

Fundi cherehani,
Temeke, Dar es Salaam