Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Ushirika wa Nyumba

Ndugu wanachama,

Katika mkutano mkuu uliopita tuliazimia kwa kauli moja kwamba nyumba zetu hapa Dodoma zijengwe kwa matofali ya kufungamana, yale ya udongo uliochanganywa na saruji kidogo, yanayoshindiliwa kwa mashine na kumwagiliwa maji kivulini pasipo kuchomwa kwa kuni. Mwaka umekwisha, na waliolitekeleza azimio hilo wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Kamati ilidhani kikwazo ni bei, ikagawa mchanganuo wa gharama, na hakuna aliyeupinga. Tulipowatembelea wanachama majumbani ndipo tuliposikia ya moyoni. Mzee mmoja alitueleza kwamba alikulia katika tembe na aliapa kuwa wanawe hawatalala tena ndani ya udongo. Mwingine aliwaogopa wakwe. Hata mmoja wa wale wachache waliojenga ameipiga nyumba yake lipu na rangi kutoka msingi hadi linta, hivyo akiba aliyoipata kwenye kuta ikaishia kununua saruji ya kuzificha.

Mwaka 1977, akitathmini miaka kumi ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere aliilalamikia hali hii hii, kwamba watu wanangoja saruji, ambayo kwake ilikuwa udongo wa Ulaya tu, na akaiita kupooza kwa fikra. Nami simo nje ya lawama: uzio wangu niliujenga kwa matofali ya saruji, miezi miwili baada ya kunyoosha mkono mkutanoni.

Tuliwasahau mafundi. Matofali haya yanadai kozi ya kwanza, yaani mstari wa chini kabisa wa matofali, ilale sawasawa na pimamaji, kwa kuwa hakuna mota nene wala lipu ya kusahihisha ukuta uliopinda, na fundi anayehofia kuumbuka humwambia mwenye nyumba kwamba hayadumu. Neno lake lina uzito kuliko la mwenyekiti, na ndivyo inavyostahili, kwani yeye ndiye atakayeitwa ukuta ukipasuka.

Kwa hiyo kamati inaomba fedha za semina zihamishiwe mafunzo ya mafundi kwa vitendo, wakianza na ofisi yetu, ambayo ukuta wake wa mbele utaachwa bila lipu. Tofali moja limelowekwa kwenye ndoo mlangoni tangu Agosti. Mwanachama yeyote anakaribishwa kulitoa na kulikwaruza kwa ukucha, na akipenda aje na wakwe zake.