Barua kwa Mwanangu Aliyeniomba Niuze Baiskeli

Moshi

Mwanangu mpendwa,

Salamu zako zimenifikia pamoja na za mkeo na wajukuu zangu, nami nimefurahi kusikia kwamba joto la Dar es Salaam halijawaelemea. Umeniomba, kwa heshima lakini bila kuzunguka, niiuze baiskeli maadamu kiangazi kimekwisha, kwa kuwa mama aliyestaafu anapaswa kutulia nyumbani. Nimeona nikujibu kwa maandishi, kwa sababu kwenye simu huwa unaniitikia "sawa mama" kisha unarudia yale yale, na kwa sababu naona unaogopa lisilostahili kuogopwa huku lile la kuogopa ukilipita bila kuligusa.

Wewe unaogopa umbali. Mtu akikutajia kilomita 200 kwa siku moja unafikiria mashindano, watu waliojiinamia juu ya usukani wakipumua kwa shida, na mama yako katikati yao. Kikundi chetu cha baiskeli hakishindani na mtu. Hatujasajiliwa popote, tumeazima tu kipimo cha Audax Club Parisien, chama cha waendesha baiskeli cha Ufaransa kilichoanzishwa mwaka 1904, ambacho ndicho huandaa pia safari ya Paris–Brest–Paris ya kilomita 1,200 kila baada ya miaka minne. Kwa kipimo hicho, kilomita 200 humalizwa ndani ya saa 13 na nusu na kilomita 300 ndani ya saa 20. Ukigawanya utaona kwamba ni kilomita 15 hivi kwa saa, na humo ndani umeshahesabu kula, kupumzika na kuziba pancha. Ni mwendo wa mzee anayepeleka maziwa sokoni, isipokuwa kwamba mzee huyo hashuki hadi jioni.

Wafaransa wanatuzidi kwa jambo moja. Mwezi wa sita jua lao huzama karibu saa nne usiku, ilhali sisi tulio jirani na ikweta tuna mchana wa saa 12, zikizidi au kupungua kidogo, mwaka mzima. Anayehitaji muda wote aliopewa hana budi kusafiri gizani upande mmoja au mwingine, na sisi tumechagua alfajiri. Tukienda Same tunatoka mjini saa kumi, tunapita Himo watu wakiwa wamelala, na jua linachomoza Milima ya Upare ikiwa mkono wa kushoto. Kuna sababu nyingine ya kuamka mapema: katika miezi ya kiangazi upepo wa kusi huvuma kutoka kusini mashariki, yaani usoni kwa anayekwenda Same, nao hupata nguvu jua likishapanda. Tukifika Same kabla haujachachamaa, tunageuka na kurudi nao mgongoni, na kule tambarare ya Mwanga, ambako joto lingetumaliza, ni upepo huo huo unaotusukuma hadi Himo.

Kwenda Arusha sina mengi ya kusema. Ni barabara ya magari, unapanda taratibu kutoka uwanda wa Bomang'ombe hadi mji ulio kwenye mita 1,400 hivi, unakunywa chai, unarudi kwa mteremko. Huwa nakubali kwenda kwa ajili ya wenzangu tu.

Rombo ndiko ningependa ufike nami siku moja. Kutoka Himo unapanda hadi Marangu Mtoni, kisha unageuka kulia kuelekea Mwika, na kuanzia hapo barabara hainyooki tena: kila mto unaoshuka kutoka mlimani umechimba korongo lake, kwa hiyo unateremka ukishika breki, unavuka daraja, unapanda polepole kwa gia ya chini kabisa katikati ya vihamba vya migomba na kahawa, na kabla pumzi haijarudi unaanza kuteremka tena. Mtu akikuambia kwamba kutoka Mwika hadi Mkuu ni karibu, muulize kwanza kama amewahi kupita bila injini. Kadiri unavyozunguka kuelekea mashariki, ndivyo migomba inavyopungua na ardhi inavyokauka, kwa kuwa mvua nyingi huishia upande wetu wa kusini. Sisi wa Moshi tumezoea kuujua Mlima Kilimanjaro kwa sura ya Kibo, kilele chake kikuu. Kule Rombo ni Mawenzi, kilele kingine, mita 5,149, iliyosimama juu ya vichwa vya watu na meno yake yaliyovunjika, na upande wa pili macho yanashuka hadi nyika za Kenya. Bibi yako mzaa baba alizaliwa huko na alikuwa akisema kwamba Kibo ni mlima wa watu wa mjini. Nilimwelewa nilipofika kwa miguu yangu mwenyewe. Kwenye gari, nilipopita huko mara nyingi kwa ajili ya misiba na harusi, nilikuwa nikipiga soga.

Mwezi wa nane tulivuka Tarakea tukaendelea hadi Kamwanga na kushukia Sanya Juu, tukalala njiani kwa sababu hatukutaka kupita usiku mahali ambapo hatupajui vizuri. Baridi ya kaskazini ilinilazimu kuvaa soksi mikononi. Watoto walitukimbilia vijiji vizima wakipiga kelele, "Shikamoo bibi!", nami nikawaitikia hadi sauti ikanikauka.

Kuhusu moyo wangu na magoti yangu, kumbuka kwamba kazi niliyoifanya hadi kustaafu ilinifundisha jinsi mwili unavyotumia chakula. Wanga ambao mwili hujiwekea akiba huisha baada ya saa moja na nusu au mbili za kazi nzito, na atakayengoja kuhisi njaa ndipo ale atakuwa amekwisha kuchelewa. Mimi hula kidogo kila baada ya nusu saa: ndizi mbivu, kiazi kitamu kilichochemshwa na kutiwa chumvi, kipande cha chapati. Maji matupu kwa wingi katika joto la Same nayo ni hatari, kwa kuwa chumvi ya damu huzimuliwa, hivyo chupa moja huwa ya maji na nyingine huwa na chumvi, sukari na ndimu. Mtori nauweka kwa ajili ya nyumbani, kwani ukinywa bakuli zima katikati ya safari unatamani mkeka.

Linalostahili hofu yako, baba, ni barabara kuu. Kati ya Bomang'ombe na Tengeru malori na mabasi hupishana kana kwamba hakuna kiumbe kingine, na kingo za lami mahali pengine zimemomonyoka kiasi kwamba huwezi kushuka pembeni bila kuanguka. Mwezi wa tisa basi moja lilitupita likilipita lori, likanitupa kwenye majani. Nilichubuka kiwiko, na utingo akanipungia mkono. Sikukuambia kwa sababu nilijua ungeimba wimbo wa kuuza baiskeli. Tangu hapo hatupiti kipande hicho isipokuwa Jumapili alfajiri, wawili wawili tukifuatana, tukiwa na vizibao vinavyong'aa na kioo kidogo kwenye usukani, na jioni hatupiti kabisa. Ukitaka kunilinda, nilinde hapo.

Kwa hiyo utakapopanda kuja kwa ajili ya Krismasi, pitia Kariakoo uniletee taa ya nyuma yenye mwanga mwekundu mkali, inayochajiwa, na isiyoingiza maji, maana vuli haijaisha. Niletee pia tyubu nne, kwa kuwa miba ya migunga ya Mwanga imezimaliza zangu na za hapa mjini zinapasuka kwenye maungio. Ukubwa ni 700 kwa 32, na muuzaji asikubadilishie kwa kukuambia kwamba zote ni sawa. Ile baiskeli ya mtumba niliyomnunulia mdogo wako kule sokoni Kiborloni bado ipo stoo, fundi ameshaikaza spoku na kuibadilishia cheni, na kiti nimekipandisha kulingana na urefu wako. Tutaanza na mashamba ya miwa ya kampuni ya sukari ya TPC, ambako hakuna mlima wala basi.

Nisalimie mkeo na watoto.

Mama yako