Ufunguo wa chumba cha watoto njiti uko kwa nani?

BARUA YA WAZI KWA MKURUGENZI MTENDAJI WA HALMASHAURI YETU

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: KUFUNGULIWA KWA CHUMBA CHA WATOTO NJITI KATIKA HOSPITALI YETU YA WILAYA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Natumaini wewe na familia yako hamjambo. Sisi huku hatujambo, isipokuwa binti wa nyumba ya tatu kutoka kwetu, ambaye Jumamosi iliyopita alimzika mtoto wake wa kwanza. Mimba ilikuwa ya miezi saba. Alijifungua hospitali ya wilaya usiku wa manane, na kulipokaribia kupambazuka akapewa rufaa ya kwenda mkoani. Mtoto alifungwa kwenye khanga ya mama yake, na huu mwezi wa nane wa kwetu unaujua ulivyo, asubuhi majani ya viazi yanakuwa meupe kwa umande ulioganda. Walipofika mkoani nesi alimfungua mtoto, akamgusa, akamfunika tena.

Kutoka kitanda alichojifungulia yule binti hadi mlango wa chumba kile kilichofungwa ni hatua ishirini na moja. Nimezihesabu mwenyewe.

(Siku ya hafla ya watoto njiti mwaka jana mshereheshaji alikuita Mheshimiwa mara nyingi na hukumkatalia. Mjomba wangu aliyekuwa karani ananiambia kwenye barua unaandikwa Ndugu. Nimefuata ya mjomba, nisije nikajibiwa kuhusu cheo badala ya chumba.)

Sisemi chumba kingemwokoa yule mtoto. Mimi ni fundi cherehani, si daktari. Ninachojua ni yaliyonipata mimi, na ninayaandika kwa sababu nimekaa kimya mwaka mzima nikisubiri, kama ulivyotuomba tusubiri.

Mwaka jana mwezi wa sita nilikuwa na mimba ya wiki 31, ya kwanza. Kliniki sikukosa hata mara moja, kadi yangu ipo. Tarehe ya makadirio ilikuwa katikati ya mwezi wa nane, nikajipangia mambo yangu: mwezi wa saba nimalize sare za shule za watu, mwezi wa nane nikae nisubiri. Hata nguo za mtoto nilikuwa bado sijashona. Nilishona moja tu, na nitakuambia ilivyomkaa.

Siku hiyo kiuno kiliniuma tangu asubuhi. Mama mkwe akasema ni baridi. Nikajifunga khanga ya pili nikaendelea kukanyaga cherehani. Jioni nikahisi maji. Nilidhani ni mkojo, na hata leo naona haya kuandika, nikaenda kubadilisha nguo nikarudi kwenye kazi ya watu. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba chupa ya uzazi inaweza kupasuka mimba ikiwa na miezi saba. Kliniki tulifundishwa mboga za majani, vidonge vya damu na chandarua. Vyote vizuri. Ila hilo la maji lingenipa saa nzima zaidi, na saa moja ni nyingi, utaona.

Hospitalini nesi wa zamu alinipima akabadilika sura. Akasema inatakiwa sindano ya kukomaza mapafu ya mtoto, na kwao imekwisha. Mume wangu aliazima pikipiki akazunguka maduka ya dawa, la kwanza limefungwa, la pili hawana, akarudi nayo saa tatu usiku. Baadaye nilielezwa mkoani kwamba dawa ile inahitaji muda ili ifanye kazi yake vizuri, siku nzima kama ikiwezekana. Mwanangu alizaliwa saa nane usiku. Hesabu mwenyewe.

Gramu 1,420. Umeme ulikuwa umekatika, nikaonyeshwa mwanangu kwa tochi ya simu. Ngozi yake ilikuwa nyembamba, ile mishipa yote unaiona kama mistari ya kalamu. Masikio yalikuwa laini, yamelala kichwani kama yamebandikwa. Hakulia. Alitoa sauti ndogo ya kukoroma, na kifua kikawa kinaingia ndani kila anapovuta pumzi. Nesi alimzungushia chupa mbili za maji ya moto, chupa za soda hizi, amezifunga kwa kitambaa zisimuunguze. Hicho ndicho kilichokuwa chumba chetu cha joto, Ndugu Mkurugenzi: chupa mbili za soda. Yule nesi ningependa umpandishe daraja, ila jina lake silitaji, maana najua barua kama hizi huwa zinawapandisha watu daraja la aina gani.

Gari la wagonjwa lilikuwepo, limeegeshwa. Mafuta ndiyo hayakuwepo. Ikapigwa namba 115, ile ya usafiri wa dharura wa wajawazito na watoto wachanga, ikatumwa taksi, na dereva wake Mungu ambariki, aliendesha saa tatu amefunga vioo vyote, jasho linamtoka, hakuthubutu kufungua hata kidogo.

Huko mkoani ndiko nilikofundishwa kuwa mama wa njiti. Walinivua blauzi, wakamvika mtoto kofia na soksi, wakamweka kifuani kwangu ngozi kwa ngozi, wakanifunga kitenge juu yake. Hiyo ndiyo kangaruu. Nililala nimeegemea mito, usiku na mchana. Maziwa nilikamua kwenye kikombe, yakapimwa kwa bomba la sindano, mililita tatu, yakashushwa kwa mpira uliopita puani, kila baada ya saa mbili. Mililita tatu hata kijiko cha chai hakijai. Siku walipoongeza zikawa tano, mume wangu aliwapigia simu ndugu zake wote.

Na kuna jambo ambalo watu hawalijui mpaka liwakute. Mtoto njiti anasahau kupumua. Yuko hapo kifuani, ametulia, halafu ametulia kupita kiasi. Nesi alinifundisha: akisahau, mkune unyayo. Unamkuna kwa kidole, anashtuka, anavuta hewa, anaendelea kama hakuna lililotokea. Kwa usiku kumi na mmoja nililala kidole changu kikiwa kwenye unyayo wa mwanangu. Mpaka leo, anatembea sasa, akilala naingiza mkono kwenye blanketi natafuta mguu.

Siku 36 tulikaa. Ile nguo niliyomshonea ilimkaa siku tunayotoka, na mikono ilibidi niikunje mara mbili.

Ukutani pameandikwa kwamba huduma ya mama mjamzito na ya mtoto chini ya miaka mitano ni bure. Nimekaa chini ya maandishi hayo nikihesabu noti. Sindano tulinunua, glovu tulinunua, mpira wa kulishia tulinunua mara mbili, mume wangu alilala gesti siku za mwanzo, halafu akalala kwenye benchi. Cherehani yangu iliuzwa laki mbili na nusu ikiwa bado ina suruali ya mtu chini ya sindano. Mwenye suruali alinielewa. Sasa nashona kwa cherehani ya kukodi, nusu ya hela inakwenda kwa mwenye cherehani.

Nimesikia sheria ya kazi imerekebishwa, na tangu Februari 2025 mama aliyeajiriwa akijifungua njiti anaongezewa likizo hadi zitimie zile wiki 40 ambazo mtoto alitakiwa kuzifikisha tumboni, na baba anapewa siku 7 badala ya 3. Ni jambo jema, na waliolipigania, akina Doris Mollel ambaye naye alizaliwa njiti, tunawashukuru. Rafiki yangu mwalimu ananiambia itawasaidia wengi. Mimi mwajiri wangu ilikuwa ile cherehani. Mume wangu ni kibarua wa kuchuma chai, asipofika shambani jina lake halisomwi. Kwa hiyo sisi likizo yetu ni kama ungetusogezea huduma tusilale mkoani siku 36. Ndiyo maana naandika kuhusu chumba.

Novemba 17 mwaka jana, siku ya watoto njiti duniani, tuliitwa akina mama tisa wenye watoto njiti tuje na watoto wetu kwenye viwanja vya hospitali. Tulivaa vitenge vya zambarau tulivyonunua wenyewe. Ulihutubia vizuri, nakubali. Ulimbeba mwanangu, ukapigwa naye picha, ukasema, na mimi nilikuwa hatua mbili kutoka kwako, kwamba jengo limekamilika, vifaa vimefika, na kabla ya Krismasi chumba kitaanza kazi. Tulipiga vigelegele. Mwanangu alikukojolea kidogo, nikaomba radhi, ukacheka.

Krismasi imepita. Pasaka imepita. Sabasaba na Nanenane zimepita, na Nanenane nilikuona kwenye banda la halmashauri ukieleza kilimo cha parachichi.

Jengo lile tulilijenga sote. Kila kaya ilitoa shilingi elfu tano, wanaume walisomba mawe, sisi tulibeba maji ya kuchanganyia saruji kutoka mtoni, nami wakati huo nilikuwa bado sijaolewa, nilibeba ndoo nane. Jumatatu baada ya mazishi nilikwenda kuchungulia dirishani. Kuna vitanda vinane, magodoro yake bado yako kwenye nailoni. Kuna vile vitanda vya kupashia watoto joto, viwili, vimefunikwa, vibandiko vya kiwandani havijabanduliwa. Kuna mashine ya oksijeni imewekwa juu ya boksi lake. Kuna meza, na juu ya meza, nisingeamini kama nisingeona kwa macho yangu, kuna bunda la utepe, mwekundu, bado limefungwa. Mlangoni kufuli.

Nimeuliza. Mmoja kaniambia chumba kinasubiri mgeni rasmi aje azindue, na mgeni rasmi ratiba yake imebana. Mwingine kasema hakuna nesi aliyesomea watoto wachanga, wawili walipelekwa mafunzo, mmoja akahamishwa. Wa tatu, mlinzi, kasema ni jenereta haijaunganishwa, na umeme ukikatika mashine zitaungua. Labda yote ni kweli. Labda hakuna lililo kweli hata moja na ufunguo umepotea tu kwenye droo ya mtu. Mimi naelekea kuamini la mgeni rasmi, kwa sababu ya ule utepe. Kama nimekosea nisahihishe, lakini nisahihishe mlango ukiwa wazi.

Tena sikuombi mashine. Huko mkoani nesi mmoja alitusimulia kwamba hii kangaruu ilianzia Bogotá, nchini Colombia, mwishoni mwa miaka ya 1970, kwa daktari aliyekuwa na watoto wengi na mashine chache. Alikosa vitanda vya joto, akawapa mama zao watoto wakae nao kifuani, na leo dunia nzima inafanya hivyo. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likasema mtoto aanze kuwekwa kifuani mara tu anapozaliwa, asisubirishwe mpaka awe imara. Yule binti wa jirani yangu hakuwekewa mtoto kifuani. Alipewa amshike mkononi, akae mbele na dereva. Hakuna aliyemwambia. Mimi nilikuwa nyumba ya tatu, nimelala, najua kila kitu.

Jenereta ikiwa haijaunganishwa, sawa, ikae. Mashine zikae kwenye maboksi yake. Mgeni rasmi aje siku atakayopata nafasi, tutavaa zambarau tena, tutaimba, utepe utakatwa, hata mara mbili. Tunachotaka ni vitanda vile vinane, paa lile, madirisha yale yasiyopitisha upepo, na nesi mmoja wa usiku anayejua kufunga kitenge na kupima mililita tatu. Akikosekana nesi, nakuja mimi. Tuko akina mama tisa, tutapangiana zamu, tutamfundisha kila atakayejifungua njiti jinsi ya kukuna unyayo. Hilo halihitaji bajeti wala kikao cha madiwani.

Ufunguo tu, Ndugu Mkurugenzi. Sijui umfikie nani ndipo utoke, kama ni kwako, kwa Mganga Mkuu, au kwa mtunza stoo. Ila wewe ndiye uliyesema kabla ya Krismasi.

Katika mtaa wetu peke yake kuna wajawazito wanne. Mmoja ana wiki 29 na juzi ananiambia kiuno kinamuuma. Nimemwambia akiona maji yoyote, yoyote yale, asibadilishe nguo, aje aniamshe.

Jumatatu saa mbili asubuhi nitakuwa mlangoni kwa ofisi yako. Nitakuja na mwanangu, ana miezi 14 kwa kalenda, 12 kwa hesabu ya daktari inayoanzia tarehe aliyotakiwa kuzaliwa, na safari hii ameshavalishwa nepi. Wenzangu wanane wamesema watakuja. Katibu muhtasi wako akituambia upo kwenye kikao, tutakaa kwenye ngazi tukusubiri, kusubiri tumezoea.

Nakutakia utekelezaji mwema wa majukumu yako.

Kazi iendelee.

Mimi,
Mama wa mtoto njiti, fundi cherehani, karibu na soko la viazi