Barua kwa Mize: namba iliyojificha kwenye bao

Wete, Pemba

Mwanangu Mize,

Assalaam alaykum. Sisi wazima, karafuu zimo juani, mama yako anakusalimu sana.

Juzi kwenye simu ulilia. Uliulizwa kama 4,294,967,297 ni namba tasa, yaani isiyogawika ila kwa 1 na kwa yenyewe. Umeigawa kwa kila tasa mpaka 100, hakuna iliyoingia, ukaandika kwamba ni tasa, ukatiwa kosa. Toka hapo namba hiyo haijanitoka kichwani.

Jua kwanza umekosea pamoja na nani. Mfaransa Pierre de Fermat, katika karne ya 17, alizitazama 3, 5, 17, 257 na 65,537. Chukua moja katika hizo, toa 1, izidishe kwa yenyewe, rudisha 1: unaipata inayofuata. Zote tano ni tasa. Fermat akaamini na ya sita ni tasa. Ya sita ndiyo hiyo yako. Mwaka 1732 Leonhard Euler, mtu wa Uswisi, akaipasua: 641 × 6,700,417.

Basi mwanangu, kugawa uligawa sawasawa. Ulisimama mapema tu.

Lakini ungefikaje 641? Kigawo kidogo hakiwezi kupita 65,536, maana hiyo kwa yenyewe inakaribia kuifikia namba yako. Tasa zote mpaka hapo ni zaidi ya 6,500, usiku haukutoshi kuzijaribu. Hapa kaa kitako. Euler alionesha kuwa tasa yoyote inayoigawa namba hii, ukiigawa hiyo tasa kwa 64 lazima ibaki 1. Nilipolifahamu hilo nilikuwa barazani baada ya Alasiri, bao liko mbele yangu, na mwili ukanisisimka. Bao lina mashimo 32 na kete 64. Tia kete 2 shimo la kwanza, 4 la pili, 8 la tatu, kila shimo maradufu ya lililotangulia. Shimo la 32 litataka kete 4,294,967,296. Ongeza moja, ndiyo namba yako. Na vigawo vyake vinakwenda kwa hisabu ya 64, kete za bao zima!

Nikachukua kalamu: 65, 129, 193, 257, 321, 385, 449, 513, 577, 641. Tupa zinazogawika kwa 3 au 5. Zimebaki 193, 257, 449, 577 na 641. Tano tu, Mize. Nne zilikataa, ya tano ikaingia bila baki. Nimeigawa kwa mkono, karatasi nimekuwekea humu ndani ya bahasha.

Sasa iko ya saba: anza na 1, ifanye maradufu mara 64, kisha ongeza 1. Ina tarakimu 20. Mfaransa mwengine, Fortuné Landry, aliipasua mwaka 1880, na kigawo chake kidogo ni 274,177. Kigawe hicho kwa 64, kisha Ijumaa nipigie uniambie kimebaki nini.

Babako