Wifi, mgongo wangu msiufanye shahidi

Wifi yangu wee, jana kule Kirumba nilinyamaza kwa heshima ya mama tu, sio kwamba nilikubali. Umeuliza swali la maana kabisa, kama unaweza kuomba ile sindano ya mgongo ya kupunguza uchungu ukiwa leba, mama akanisonta mie, "si huyo hapo, walimchoma mpaka leo kuinua ndoo hawezi." Watu wakacheka na mie nikacheka. Sasa naandika hapa wazi maana sio wewe peke yako uliyetishiwa na huu mgongo.

Mgongo wenyewe ulianza kuniuma kwenye mimba ya kwanza, miezi saba hivi, na yule nilimzaa kawaida bila sindano yoyote! Mimba inalegeza viungo vya nyonga, tumbo linakuvutia mbele, ukishazaa usiku kucha umeinama unanyonyesha, na mie nakaa juu kwenye mawe ya Mabatini, maji tunapandisha kwa ndoo, sasa mnataka mgongo usiume? Wataalamu walishawalinganisha wanawake waliochomwa na wasiochomwa, maumivu ya mgongo ya muda mrefu hayatofautiani. Pale ilipoingia sindano patauma siku chache, hilo sikatai.

Halafu mama anachanganya sindano mbili. Mie kwa huyu wa pili nilichomwa ya operesheni, wanaita spaino, inachomwa mara moja kwenye maji yanayozunguka mishipa ya fahamu, dakika 5 tu miguu unaiona kama ya mtu mwingine, na baada ya saa moja na nusu au mbili inaanza kukuachia. Uliyoiuliza wewe ni epidyuro. Hiyo daktari wa usingizi anakwambia upinde mgongo kama paka, anatia ganzi ngozi kwanza, anapitisha kimpira chembamba kinachobaki hapo hapo mgongoni nje ya utando wa yale maji, dawa wanaongeza kidogo kidogo mpaka mtoto atoke. Ikishaingia inachukua kama dakika 20 kushika, na unakuwa macho kabisa unaongea, tumbo unalisikia linakaza ila ule ukali umepungua. Na zote zinachomwa chini kiunoni, chini ya pale unapoishia ule mshipa mkubwa wa fahamu unaopita ndani ya mgongo, kwa hiyo hizo habari za kupooza ni nadra mno kuliko zinavyosimuliwa.

Sikufichi ubaya wake. Presha inaweza kushuka ndio maana wanatanguliza dripu na kukupima kila mara, kuna kuwashwa, kutetemeka, mkojo unaweza kutolewa kwa mpira, na kusukuma kunaweza kuchukua muda zaidi, ila haikuongezei uwezekano wa kupasuliwa. Kama mmoja kati ya 100 anapata kichwa kibaya, ukikaa kinagonga ukilala kinatulia, hicho usikae nacho na panadol nyumbani, rudi ukaseme, kina tiba yake. Na kama damu yako haigandi vizuri, au unatumia dawa za kuyeyusha damu, au presha ya mimba imeshusha chembe sahani, zile za kugandisha damu, waambie mapema maana wanaweza wasikuchome kabisa.

Kuhusu mwanamke wa kweli anavumilia, wifi, hili Ziwa Victoria tunalokula sato wake limepewa jina na Speke, msafiri wa Kiingereza, mwaka 1858, jina la malkia ambaye mwaka 1853 alivutishwa klorofomu, dawa ya kupunguza uchungu, akimzaa mtoto wa nane, na 1857 akarudia tena. Malkia mzima, sembuse wewe wa Igoma.

Kinachonitia wasiwasi kwako ni kitu kingine. Mie kwa wa kwanza niliomba dawa ya maumivu nikiwa nimeshafunguka sana, nesi akanijibu maneno ya ulipokuwa unaitafuta hukulia, nikanyamaza mpaka mwisho. Na usiku ule mtaalamu wa usingizi alikuwepo mmoja, yuko chumba cha operesheni na mama mwingine, hata ningejibiwa vizuri nisingeipata. Kwa hiyo uliza sasa hivi kliniki, mnatoa epidyuro? na usiku je? bei gani, bima inalipa? Wakisema hakuna uliza pethidini, dawa nyingine ya maumivu, inachomwa msuli, itakulegeza na pengine kukutapisha, tena isichomwe mtoto akikaribia kutoka maana inaweza kumfanya azubae kupumua.

Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wao wa 2018 wanasema mama mwenye afya akitaka kupunguziwa maumivu epidyuro ni mojawapo ya njia, wameweka pia kukandwa, vitambaa vya moto na kuwa na mtu wako pembeni. Kukandwa usikudharau, uchungu ukishukia kiunoni mtu akikugandamiza na kiganja pale juu ya makalio kila tumbo linapokaza unaona kabisa tofauti.

Basi Jumatano kliniki nakusindikiza, tuulize kama wanaruhusu msindikizaji leba. Wakiruhusu naingia mie, kanga ya kuchovya maji ya moto ninayo. Mama tutampa kazi ya uji.