Vyuo vidogo vya dini vitukabidhi na bahasha yetu ya maombi ya kazi

Ndugu Mhariri,

Mimi ni muuguzi katika zahanati ya kijiji wilayani Kilindi. Stashahada yangu ya uuguzi na ukunga niliisomea kuanzia 2013 hadi 2016 katika chuo kidogo cha kanisa, Nyanda za Juu Kusini, kilichojengwa ubavuni mwa hospitali ya misheni. Sitakitaja jina kwa sababu nakipenda, na pia kwa sababu wenzangu waliosoma vyuo vya madhehebu mengine yamewakuta yaleyale.

Darasa letu tulikuwa 38. Kengele ililia saa kumi na moja na nusu alfajiri, na mwezi wa Julai maji ya kuoga yalikuwa yanauma mpaka kwenye mifupa. Saa kumi na mbili na nusu tuko ibadani, saa moja na nusu tuko wodini. Jumamosi tulilima bustani ya mboga, na mboga hizo ndizo tulizokula na ugali wiki nzima. Mwenzangu wa chumbani alikuwa Mwislamu kutoka Pangani. Kila Ramadhani mama wa jikoni alimwekea daku kwenye hotipoti, wala hakuna mkubwa aliyemwagiza. Matroni alitujua kwa majina, kwa vijiji, na kwa ada tunazodaiwa.

Na kazi tulifundishwa. Mwaka wa pili, usiku umeme umekatika, nilimpokea mtoto kwa mwanga wa tochi ya simu. Mkunga mzee alisimama nyuma yangu, kaniwekea mkono begani, hakugusa kitu. Mtoto alipolia ndipo akaniambia, "Haya, funga kitovu." Usiku ule ndio ulionifanya niweze leo kukaa peke yangu zahanati, gari la wagonjwa likiwa mbali.

Siku ya mahafali tuliimba, tukapigwa picha, tukapanda basi. Kumbe nilikuwa sijui kuomba kazi.

Maombi yangu ya kwanza niliambatanisha hati ya matokeo, kwa kuwa cheti chenyewe kilizuiwa chuoni kwa deni la Sh185,000. Matangazo ya ajira za serikali yanasema waziwazi kwamba hati za matokeo hazipokelewi. Mimi sikuwa nimewahi kulisoma tangazo hata moja kwa utulivu, na kwa miaka mitatu hakuna aliyetusomea. Baba akauza mbuzi, deni likaisha, cheti kikatoka. Mara ya pili nikakwama kwenye jina. Cheti cha kuzaliwa kimeandika jina la baba kwa herufi "y", cha kidato cha nne hakina. Ilikuwa baada ya uhakiki wa 2017, pale watumishi 9,932 walipotajwa kuwa na vyeti vya kughushi, na kila ofisi ilikuwa inakagua majina herufi kwa herufi. Nikahangaika na wakili na hati ya kiapo, nauli kwenda, nauli kurudi, huku nikijitolea kwenye zahanati kwa posho isiyotosha hata sabuni na vocha. Kazi niliipata 2019. Miaka mitatu nyumbani kwa baba, na leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga ipo sandukuni! Wenzangu wawili wa darasa lile waliishia kuuza mitumba na hawajarudi wodini hadi leo. Mmoja wao alikuwa na mikono mizuri ya kushona jeraha kuliko sisi sote.

Ninachoomba kwa wakuu wa vyuo hivi hakihitaji jengo wala mfadhili. Chuo chenye wanafunzi maelfu hakiwezi kumkalisha kila mmoja na vyeti vyake mezani. Chenye darasa la watu 38 kinaweza, tena kwa wiki moja. Lakini isiwe wiki ya mwisho ya mahafali, iwe muhula wa kwanza wa mwaka wa mwisho, ili mwenye kasoro apate muda wa kurekebisha akiwa bado ana bweni na chakula. Cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, kitambulisho cha taifa: majina yanafanana? Barua ya maombi ya kazi aiandike kwa mkono wake, mwalimu aisome. Waitwe wahitimu waliokwisha pita usaili wa mchujo na wa mahojiano waje waeleze walichoulizwa; tutakuja, hata kwa nauli zetu. Na kwa wenye madeni, chuo kikubaliane nao walipe kidogo kidogo baada ya kupata kazi, cheti kiachiwe. Anayezuiliwa cheti atalipa kwa mshahara gani?

Mwezi uliopita zahanati yetu ilipokea mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo kutoka chuo cha aina hiyohiyo. Msichana mpole, anawahi kuliko mimi, anapima presha ya wazee huku akiwauliza habari za shamba. Nilimwambia alete vyeti vyake vyote tuvitazame. Jina la baba yake halifanani. Amebakiza miezi mitano kumaliza, na hakuwa na habari. Jumatatu nimemwombea ruhusa kwa mganga mfawidhi, tunakwenda naye wilayani.

Muuguzi, Kilindi, Tanga
(Jina langu kamili unalo, Mhariri)