Malalamiko kuhusu pikipiki zenu za safari: koili zinazoungua, spea msizouza na ratiba isiyofaa barabara za Uganda

Kampala,
14 Agosti 2024

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma Baada ya Mauzo.

Bwana/Bibi,

KUH: DHAMANA, SPEA NA MATENGENEZO YA PIKIPIKI ZA SAFARI ZA CC 650

Tunaowaandikia ni mafundi na waendeshaji wa pikipiki zenu za safari za silinda mbili, zile zenye tairi ya inchi 19 mbele na 17 nyuma. Zilizotangulia kuuzwa hapa Kampala sasa zina umri wa miaka sita, na kadhaa zimepita kilomita 80,000. Umri huo unatosha kuijua pikipiki ni ya aina gani.

Injini hatuna ugomvi nayo. Tapeti (nafasi za vali) zikipimwa kwenye kilomita 24,000 kama kitabu kinavyoagiza, vali za kuingiza hewa hukutwa bado ziko kati ya milimita 0.10 na 0.20, na za moshi kati ya 0.20 na 0.30, mara nyingi hakuna hata shimu moja (kibati cha kurekebisha nafasi hiyo) inayobadilishwa. Oili haipungui kati ya huduma moja na nyingine, gia haziruki. Kinachoilaza pikipiki njiani ni vitu vidogo vinavyoizunguka injini hiyo nzuri. Ni vile vile kila mara, na kila mara majibu yenu ni mawili: uchakavu wa kawaida, au mteja alifunga taa za ziada.

Hili la taa ndilo lililotufanya tushike kalamu. Katika barua zenu za kukataa dhamana mmeandika kwamba koili za kuchaji zimeungua kwa sababu mteja aliongeza taa mbili za LED. Aliyeandika hivyo hajafungua mchoro wa umeme wa pikipiki anayoiuza. Rektifaya (kifaa kinachodhibiti umeme wa koili kabla haujafika kwenye betri) iliyofungwa kiwandani ni ya aina inayozungusha ziada. Koili huzalisha umeme kadiri injini inavyozunguka, taa ziwake zisiwake. Umeme ambao betri, taa na mfumo wa mafuta haukuuhitaji, rektifaya inauunganisha njia fupi na kuurudisha kwenye koili zenyewe, ukaishia kuwa joto. Taa mbili za wati 20 kila moja huchukua wati 40 ambazo zingepotea bure kwenye mzunguko huo. Kwa hiyo mteja mnayemlaumu hakuziongezea koili kazi hata kidogo, na rektifaya yenu ameipunguzia.

Kinachoziua koili ni joto. Zimekaa ndani ya kifuniko cha kushoto cha injini na kurushiwa oili ya moto. Kwenye foleni ya Jinja Road feni ya rejeta haizimi na upepo haupiti. Kwenye lami ndefu ya kwenda Gulu injini inazunguka mara 5,000 kwa dakika saa baada ya saa, na koili zinatoa nguvu zake zote muda wote huo. Vanishi iliyofunika waya wa shaba inakauka, inapasuka, mizunguko ya waya inagusana, na tangu hapo koili hazina wiki nyingi.

Halafu kuna soketi ya nyaya tatu za njano kati ya koili na rektifaya. Mmeiweka chini ya tangi bila raba ya kuzuia maji. Vumbi la murram (udongo mwekundu wa barabara zisizo na lami) likichanganyika na maji ya mvua, pini za shaba huota kutu ya kijani. Mguso ukiharibika kwa omu 0.2 tu, umeme wa amperi 20 unazalisha wati 80 za joto mahali penye upana wa ukucha. Ndiyo maana plastiki hugeuka kahawia, kisha huyeyuka. Katika pikipiki nyingi tulizozifungua, soketi ilikuwa imeanza kuungua kabla ya koili.

Gereji yenu, pikipiki ikifika haichaji, hubadilisha betri kwanza. Mteja analipa, anaondoka, baada ya siku chache amerudi akiwa anasukuma. Vipimo vyenyewe havizidi nusu saa, na tunaviandika hapa ili kusiwe na kisingizio. Betri iliyopumzika saa chache isome volti 12.6 hadi 12.8. Washa injini, ipandishe hadi mizunguko 5,000, pima kwenye vichwa vya betri: volti 14 hadi 14.8 ni nzima. Ikibaki 13 au chini ya hapo haichaji, na betri mpya haitasaidia kitu. Zima, chomoa soketi ya nyaya za njano, washa tena, weka mita kwenye umeme wa AC na upime waya wa kwanza na wa pili, wa pili na wa tatu, wa kwanza na wa tatu. Kwa mizunguko 5,000 kila jozi itoe volti 60 au zaidi, na zote tatu zilingane. Jozi moja ikiachwa nyuma, koili zimeungua. Mwisho, injini ikiwa imezimwa, pima kila waya wa njano na chuma cha injini: mita isionyeshe njia yoyote. Ikionyesha hata kidogo, koili zinagusa chuma. Zikifaulu vipimo vyote na betri bado haichaji, tafuta kwenye rektifaya na nyaya zake.

Dawa nayo inajulikana. Ni rektifaya ya aina inayokata njia ya umeme usiohitajika badala ya kuuzungusha, ifungwe mahali inapopata upepo, na soketi iwe ya kuziba maji. Koili mpya zikifungwa na rektifaya ile ile ya zamani, mmeahirisha tu. Mmefanya hivyo mara nyingi, na mara ya pili mkamlipisha mteja.

La pili ni pampu ya mafuta. Pampu yenyewe ni imara. Inasukuma kwa shinikizo la kilopaskali 300 hivi na haijatusumbua. Kinachoziba ni chujio la nailoni lililo mdomoni mwake, kitambaa kisichozidi kiganja cha mtoto. Anayekwenda mbuga ya Kidepo kupitia Kotido na Kaabong atajikuta siku moja ananunua mafuta ya jerikeni, na mafuta ya jerikeni huja na mchanga, kutu, na wakati mwingine maji. Dalili zake hazifichiki: mjini pikipiki inakwenda vizuri, lakini ikipanda milima ya Kabale na mzigo, mafuta yakiwa yamefunguliwa hadi mwisho, inakata nguvu kama imeishiwa. Ukisimama dakika tano inarudi, kwa sababu pampu ikizimwa uchafu ulioning'inia kwenye kitambaa unadondoka. Fundi wenu akiona hivyo hubadilisha plagi. Ikishindikana, anabadilisha koili za plagi.

Chujio hilo hamliuzi. Mnauza pampu nzima na kizimba chake pamoja na kipimo cha mafuta, eti ndivyo kiwanda kinavyoiorodhesha. Ni sawa na kuuziwa mlango kwa sababu kitasa kimekwama. Matokeo yake watu wanakwenda soko la spea la Kisekka kutafuta chujio la gari linalokaribiana, wanalikata na kulilazimisha, na mkiliona mnafuta dhamana kwa kosa la kufunga spea isiyo halali. Mnataka wafunge ipi, kama halali haiuzwi?

Beringi za shingo ya usukani na za mkono wa nyuma unaoshika gurudumu ni suala la grisi, basi. Tukifungua pikipiki mpya, yenye kilomita sifuri, tunakuta grisi imepakwa kama mafuta ya nywele. Kitabu chenu kinasema "kagua" kwenye kilomita 24,000 na hakitaji kupaka grisi mahali popote. Hapa kwetu pikipiki inaoshwa kwa pampu ya presha kila wiki (wanaosha vizuri mno, hadi grisi inatoka), kisha inapigwa na matuta na mashimo siku nzima. Gololi za shingo zinachimba vishimo kwenye njia yake, hasa pale usukani unapokuwa umenyooka. Kulijua hili ni rahisi: simamisha pikipiki kwenye stendi ya kati, gurudumu la mbele lining'inie, zungusha usukani polepole kwa vidole viwili. Ukisikia unanasa katikati, beringi zimekwisha, na barabarani pikipiki itakuwa inayumba kwa mwendo mdogo. Beringi za viungo vya shokapu ya nyuma huganda kabisa, boliti ikatoka kwa nyundo.

Grisi ya lithiamu isiyopenya maji, namba 2, ikipakwa kabla pikipiki haijakabidhiwa na kurudiwa kila kilomita 12,000, inaokoa seti nzima. Hili hata kiwanda hakihitaji kuulizwa. Linaweza kufanyika hapo hapo kwenye gereji yenu siku ya kuifunga pikipiki ikitoka kwenye kreti.

Chujio la hewa nalo mmeliandikia kilomita 18,000. Kwenye lami, sawa. Lakini anayetembea Karamoja, kule kaskazini-mashariki kwenye vumbi, wakati wa kiangazi akisubiri 18,000 atakuwa ameshalisha silinda vumbi. Andikeni 5,000 kulikagua, na kulibadilisha linapoziba. Cheni vivyo hivyo: kitabu kinataja kuipaka oili kila kilomita 1,000, nasi tunasema 500, na siku ya mvua jioni hiyo hiyo, huku ulegevu wake ukibaki ndani ya kipimo cha kitabu.

Kuhusu oili tunayo hoja fupi. Risiti zenu za huduma zinaandika "oili lita 3". Injini hii inabeba lita 2.7 ikibadilishwa na filta. Lita 3 zikiingia zote, ziada inapanda kupitia bomba la kupumulia hadi kwenye sanduku la chujio la hewa, na mteja anaambiwa pete za pistoni zimechoka. Tena risiti haisemi ni oili gani. Klachi ya pikipiki hii inaogelea ndani ya oili ya injini, kwa hiyo inataka oili ya unene wa 10W-40 yenye alama ya JASO MA au MA2, kipimo cha Kijapani cha oili zinazofaa klachi za aina hii. Oili ya gari yenye viungo vya kupunguza msuguano inafanya klachi iteleze gia ya tano na ya sita, hasa kwenye mlima. Tumeshafungua klachi zilizoteleza hivyo na kukuta sahani zake bado zina unene wa kutosha. Oili ilipobadilishwa na sahani kusafishwa, kuteleza kukaisha. Andikeni jina na alama ya oili kwenye kila risiti.

Fremu ya nyuma inayopasuka kwenye matundu ya kufungia masanduku tunaiacha kwa leo. Wengine wanapakia kupita uzito ulioandikwa, na hapo lawama si yenu peke yenu.

Sheria ya Uganda ya Mauzo ya Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017 inataka bidhaa iwe na ubora wa kuridhisha na ifae kwa kazi ambayo mnunuzi alimjulisha muuzaji. Matangazo yenu wenyewe yanaionyesha pikipiki hii ikiwa kwenye murram, ina masanduku matatu, imejaa vumbi. Kwa hiyo kazi mliijua. Hamwezi kuuza kwa picha ya Karamoja na kukataa dhamana kwa sababu pikipiki ilikwenda Karamoja.

Tunachodai ni hiki. Kila pikipiki iliyounguza koili au kuyeyusha soketi ndani ya kipindi cha dhamana ifungwe koili, rektifaya ya aina inayokata na soketi ya kuziba maji bila malipo, na waliolipishwa warudishiwe fedha zao. Chujio la pampu liletwe kama spea inayojitegemea, lisipungue kumi dukani wakati wowote; kama kiwanda hakiliuzi, tupeni ruhusa ya maandishi kwamba chujio la vipimo vilivyo sawa halifuti dhamana. Chapisheni ratiba ya matengenezo kwa barabara za vumbi, ibandikwe mapokezi ambapo mteja ataiona kabla ya kulipa. Na sababu ya kukataa dhamana iandikwe pamoja na vipimo vilivyochukuliwa: volti ngapi, mizunguko mingapi, jozi ipi. Sentensi moja kuhusu taa haitoshi.

Kwa miezi minane sasa tumepigwa danadana kati ya mapokezi, gereji na ofisi ya juu. Tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku 30 tangu mpokee barua hii. Baada ya hapo tutaifikisha mahakamani, pikipiki moja moja, kila moja na risiti zake.

Koili zilizoungua, soketi zilizoyeyuka na machujio tuliyoyatoa tumeyahifadhi, kila kimoja kikiwa na namba ya fremu ya pikipiki kilikotoka. Mkitaka kuvikagua, tumeni fundi siku yoyote ya kazi. Aje na mita.

Wenu,

Mafundi na waendeshaji wa pikipiki za safari,
Kampala.